Gari la juu kwa bajeti ya kawaida: umri wa gari unavyokula fedha kuliko bei yake

Masika yakikaribia, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Januari watu wanauliza ada za shule. Ikifika Machi, msikilizaji wa Bunju, Madale, Chamazi au Mbande anauliza gari. Swali lenyewe halibadiliki sana: nimekusanya milioni ishirini na kitu, nusu ni ya kikoba na nusu ni mkopo wa SACCOS, nataka gari la juu, jipya, lisilokula mafuta. Ninunue lipi?

Kila mtu ana jibu lake. Fundi atataja Toyota, shemeji atataja gari analoliendesha yeye, dalali atataja lile lililokaa yadi muda mrefu. Makala haya yanaanzia kwingine, kwenye vitu vitatu vinavyoamua kama gari ni nafuu kweli: umri wake, ukubwa wa injini yake, na ile kilomita moja ya mwisho kutoka lami hadi getini kwako.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jipya". Hapa Dar es Salaam lina maana tatu. Kuna gari la kilomita sifuri, linalouzwa dukani na dhamana ya mtengenezaji. Kuna gari lililoshuka melini juzi, ambalo halijawahi kukanyaga barabara ya Tanzania lakini limetumika Japani miaka tisa au kumi na miwili. Na kuna gari lenye namba mpya. Mtu anakwambia kwa fahari, "Hili ni namba E." Namba inakueleza lini gari lilisajiliwa nchini, basi. Gari lililotengenezwa 2008 likisajiliwa leo linapata namba mpya sawa na lililotengenezwa 2020. Umri wa gari unasomwa kwenye kadi, penye mwaka wa kutengenezwa, na si kwenye bampa.

Kwa la kilomita sifuri sitakaa sana, kwa sababu wengi wanaotuandikia hawalifikii. Magari madogo ya aina hiyo yapo, kama Toyota Urban Cruiser na Suzuki Grand Vitara za sasa, zinazoundwa India na kuendeshwa na injini ya CC 1,462. Ni magari mazuri kwa mafuta, na dhamana ina thamani yake. Lakini mwenye milioni ishirini na tano hana mjadala hapo. Mwenye fedha ya kutosha ajiulize jambo moja tu: je, fedha hiyo ni yake au ni ya benki? Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya kwanza, na mkopo haupungui kwa kasi hiyo.

Kodi inavyohesabu umri

Waliobaki wanaagiza Japani au wananunua yadi, na huko ndiko hesabu zinakopotea. Mtu anaona picha mtandaoni, bei imeandikwa kwa dola, anaizidisha kwa shilingi na kuona inamtosha. Bei ile mara nyingi ni ya gari, bima na nauli ya meli hadi bandarini. Kodi bado.

Hebu tuihesabu pamoja. Tuseme thamani ya gari bandarini, kwa hesabu ya TRA, ni shilingi milioni 10, na injini yake iko kati ya CC 1,000 na 2,000.

Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, kwa hiyo milioni 10 inakuwa 12.5. Juu ya hiyo unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa kundi hili. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Gari lenye umri chini ya miaka minane linaishia hapo: jumla inafika karibu milioni 15.5. Kodi ni kama milioni 5.5.

Gari hilo hilo likiwa na miaka minane hadi kumi, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Jumla inakuwa milioni 17.7. Likivuka miaka kumi, ushuru huo unakuwa asilimia 30, na jumla inafika milioni 19.9. Yaani kwa gari la milioni 10 unalipa kodi ya milioni 9.9. Umenunua gari mbili, umepewa moja. Na hapo sijaweka tozo ndogo za forodha na reli, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, usajili na bima.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Ukiwa na milioni 19.9 ile ile, ungeweza kulipia gari lenye umri chini ya miaka minane ambalo thamani yake bandarini ni karibu milioni 12.9. Kwa mfuko ule ule, gari lenye thamani ya karibu milioni tatu zaidi, na changa zaidi. Tofauti ni kwamba fedha yako imeingia kwenye chuma badala ya kuingia kwenye ushuru wa uchakavu.

Bila shaka gari changa huwa na thamani kubwa zaidi kuliko kuukuu la aina ile ile, kwa hiyo hutapata modeli ile ile ikiwa na umri mdogo kwa bei ile ile. Utalazimika kushuka ukubwa. Badala ya RAV4 au Vanguard ya CC 2,362 iliyovuka miaka kumi, utaangukia gari dogo zaidi lenye umri wa miaka saba. Wengi wanakataa kushuka. Wanataka ukubwa wa gari uonekane. Hilo ni chaguo la mtu, lakini alipe akijua analipia nini.

Injini nayo ina ngazi zake. Ukivuka CC 2,000, ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Upande wa pili, injini isiyozidi CC 1,000 hailipi kabisa ushuru huo. Ndiyo maana gari kama Toyota Raize, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 2019 na injini ya tabo ya CC 996, linastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa mfano wetu wa milioni 10, gari la namna hiyo lenye umri mdogo lingefika milioni 14.75 tu kabla ya tozo nyingine. Thamani yake halisi ni kubwa kuliko mfano wetu kwa sababu bado ni changa, lakini kodi yake haikuumizi kwa kiwango cha kuukuu. Angalia tu toleo: kuna Raize za CC 1,196, na hizo zinahesabiwa ngazi ya asilimia 5.

TRA haichukui bei ya risiti yako kama ilivyo. Ina kanzidata yake ya thamani za magari, na kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti yake. Unaingiza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta linayotumia na ukubwa wa injini. Muuzaji akikupunguzia dola mia tano, TRA haijapunguza. Anayeagiza gari kabla ya kufungua kikokotoo hicho anacheza kamari.

Kwa nini serikali imechagua njia hii? Majirani wamechagua nyingine. Kenya hairuhusu gari lililovuka miaka minane kuingia. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haifungi mlango, ila inakutoza unapopita na kuukuu. Japani yenyewe ndiyo inayosukuma magari nje, kwa sababu gari la kawaida huko hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Mjapani anaona nafuu kuliuza. Sisi tunalipokea likiwa bado linang'aa.

Mtu anaweza kusema mfumo wa Tanzania una huruma, maana mwenye kipato kidogo hakufungiwa. Mimi naona huruma hiyo ni ghali. Anayelipa asilimia 30 ya uchakavu ni yule asiyeweza kununua gari changa. Mwenye uwezo analipa kodi ndogo zaidi kwa kila shilingi ya thamani ya gari lake. Lengo la kuzuia nchi isijae vyuma chakavu linaeleweka, ila mzigo wake uko kwa mtu wa Mbagala zaidi kuliko kwa mtu wa Masaki.

Lita unayoichoma

Tukitoka bandarini, kodi haijaisha, imehamia kwenye pampu. Wengi mnakumbuka stika ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ilifutwa kwenye bajeti ya Juni 2017, wakati Dk. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha na Mipango, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaja nyingine ya shilingi 100 kwa miradi ya kimkakati. Gari linalokula mafuta, kwa hiyo, linalipa kodi kila siku.

Chukua mtu wa Bunju anayefanya kazi Posta, kwenda na kurudi kilomita 60 hivi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,320. Injini ya CC 2,400 kwenye foleni ya Mwenge na Morocco, tuipe kilomita 8 kwa lita: lita 165. Ndogo ya CC 1,500, tuipe kilomita 12: lita 110. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na hupanda na kushuka, kwa hiyo tuchukue shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Wa kwanza anatumia 495,000 kwa mwezi, wa pili 330,000. Tofauti ni 165,000 kwa mwezi, karibu milioni mbili kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu ni milioni sita.

Na huyo wa lita 165 anachangia shilingi 16,500 kila mwezi kwenye ile tozo ya TARURA pekee. Amenunua gari la juu kwa sababu barabara ya mtaa wake ni mbovu, gari hilo linakula mafuta zaidi, na kupitia mafuta hayo analipia matengenezo ya barabara ambayo bado hajaiona. Barabara za mitaa ya Mabwepande, Toangoma au Charambe ziko chini ya TARURA. Miradi kama DMDP, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imeweka lami na mifereji kwenye baadhi ya kata, na ukipita mitaa hiyo utaona vigari vidogo vimerudi barabarani bila hofu. Huo ni ushahidi tosha kwamba wengi wetu hatukuhitaji gari la juu. Tulihitaji mfereji.

Kilomita ya mwisho

Lakini mfereji haupo, na masika hayasubiri bajeti. Kwa hiyo swali linakuwa: barabara yako inahitaji nini hasa?

Mashimo, mawe na makorongo yanahitaji gari lililoinuka. Mchanga mzito na tope linaloteleza kwenye mlima vinahitaji 4WD. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Gari linaweza kuwa na umbo la SUV, limeinuka vizuri, lakini linavutwa na magurudumu ya mbele tu. RAV4 ya Japani ya kizazi cha tatu yenye chesesi inayoanza na ACA31 ni 4WD. Ile ya ACA36 ni ya magurudumu mawili. Kwa nje huwezi kuzitofautisha ukiwa yadi jioni na dalali anakuharakisha. Vanguard hivyo hivyo: ACA33 ni 4WD, ACA38 siyo. Soma chesesi kabla hujalipa tofauti ya bei.

Maoni yangu ni kwamba wakazi wengi wa Kinondoni na Temeke hawahitaji 4WD. Wanahitaji sentimita. Barabara inayowasumbua ina mashimo miezi kumi na tope wiki chache. 4WD inaongeza uzito, mafuta, oili ya difu, na kwa magari yanayovutwa na magurudumu manne muda wote kama Subaru Forester, inakulazimu tairi zote nne zifanane na ziwe zimelika sawa. Ukifunga tairi moja ya mtumba kwa sababu mwezi umekuwa mrefu, unaumiza mfumo wa gharama kubwa mno. Anayeishi kwenye mlima wa udongo mwekundu Goba au Madale, ambako hata bodaboda hushuka na kusukuma, hesabu yake ni tofauti. Huyo alipe 4WD bila kujilaumu.

Maji ni habari nyingine kabisa. Hakuna gari la bajeti hii lililonunuliwa kwa ajili ya mafuriko. Injini hunyonya hewa, na maji yakifika kwenye njia ya hewa, injini hunywa maji na kukatika fimbo za pistoni. Tuliyaona Jangwani na kwingine wakati wa mvua kubwa za Aprili 2024. Waliozama hawakuwa wenye vigari vidogo peke yao. Na bima ndogo inalipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine. Injini yako iliyokunywa maji ni juu yako.

Yale yanayotajwa sana

Harrier ya zamani, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani, pamoja na Vanguard na RAV4 ya CC 2,362, hutumia injini moja ya 2AZ. Spea zake zimejaa Gerezani na Ilala, na hakuna fundi asiyeijua. Udhaifu wake unajulikana pia: baadhi hula oili ya injini, hasa za miaka ya kati ya 2000. Kabla ya kulipa, chomoa kijiti cha oili, kisha simama nyuma ya gari fundi akikanyaga mafuta. Moshi wa buluu ukitoka, aga uondoke. Nimeziweka mwanzo kwa sababu ndizo zinazopendwa, si kwa sababu ningezinunua. Umri na CC zote ziko dhidi yako.

Nissan X-Trail ya kizazi cha pili, NT31, ina injini ya CC 1,997, kwa hiyo inabaki chini ya ule mstari wa 2,000. Ni pana, imeinuka, na bei yake huwa chini ya RAV4. Tatizo ni giaboksi ya CVT. Inataka oili yake maalumu, na gereji nyingi za uchochoroni bado zinaweka oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki. Ukinunua ya yadi, hujui iliwekewa nini. Ikianza kuvuta kwa kusitasita au kulia kama nyuki, gharama yake itakufanya uitamani daladala.

Forester ya SH5 imeinuka zaidi ya sentimita 20 na kwenye tope haina mpinzani kwa bei hiyo. Mtafute kwanza fundi wa Subaru aliye karibu nawe, halafu ndiyo utafute gari. Suzuki Escudo ya TD54 ni ngumu kuliko inavyosifiwa, ina gia nzito ya kupandia milima, lakini kwa CC 1,995 hula mafuta kama gari kubwa.

Anayeniuliza mimi, mwenye milioni ishirini na kitu na njia ya mashimo bila mlima mkali, ningemwambia atazame Toyota Rush ya CC 1,495. Ndani ni finyu na inarukaruka, watoto watalalamika. Ila ina mwili wa gari la kazi, injini rahisi, na imeinuka. Nyingi zimevuka miaka kumi kwa hiyo ushuru wa uchakavu utakuuma ukiagiza. Ndiyo sababu kwa Rush ningeanza na zilizoko nchini tayari, ambazo ushuru huo umeshalipwa na mwenzako. Mwenye uwezo wa kusogea kidogo juu, aitazame Raize.

Gari lililoko nchini lina ukaguzi wake. Angalia kadi: jina, mwaka, chesesi na namba ya injini, kisha uzilinganishe na zilizopo kwenye gari. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa TMS wa polisi, maana deni linafuata namba. Hamisha umiliki TRA siku ile ile, usikubali mambo ya "tutamalizana wiki ijayo". Ukitajiwa bei kwa dola, dai itajwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Na utenge walau milioni moja na nusu ambayo hutaigusa siku ya kununua: tairi, shokapu, bushi, betri, huduma ya kwanza. Asiyekuwa na hiyo milioni na nusu hajafikia bei ya gari analolitaka, hata kama muuzaji amekubali.

Anayeagiza aulize swali moja zaidi kabla ya kutuma fedha: meli itafika lini? Kikokotoo cha TRA kinauliza mwaka wa kutengenezwa, si mwezi. Gari lililo kwenye mwaka wake wa mwisho kabla ya kupanda ngazi ya uchakavu, likinunuliwa Novemba na kushushwa Dar es Salaam Januari, linaweza kuhesabiwa kwenye ngazi ya juu. Kwa gari letu la milioni 10, kuvuka miaka minane ni milioni 2.2 za ziada, na kuvuka kumi ni milioni 2.2 nyingine. Mweleze muuzaji hivyo, na akikwambia meli ya Desemba imejaa, tafuta gari la mwaka mmoja mbele.